Kofia, Bendera na Miguu Peku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kumbukumbu za Mabingwa wa Gofu wa Kike wa Korea

Ukurasa huu ni wa wapenzi wa gofu ya wanawake wa Korea Kusini: wanaokusanya kofia, mipira, bendera za mashimo na picha zenye saini, na wale wanaotaka tu kujua jinsi mashabiki wa huko wanavyowaenzi mabingwa wao. Majina tumeyaandika kama Wakorea wanavyoyaandika, ukoo kwanza.

Kwa nini kila mkusanyaji huanza na Pak Se-ri?

Kwa sababu ya siku moja: Jumatatu, 6 Julai 1998, uwanja wa Blackwolf Run, mjini Kohler, jimbo la Wisconsin, Marekani. Pak alikuwa na miaka 20, na ndio kwanza alikuwa mwaka wake wa kwanza katika LPGA, ligi ya wanawake ya Marekani. Mashindano ya Wazi ya Wanawake ya Marekani yalikuwa yameisha Jumapili bila mshindi. Yeye na Jenny Chuasiriporn, mchezaji wa ridhaa wa Marekani, walitoka sawa, wakarudishwa uwanjani kucheza mashimo 18 mengine.

Kwenye shimo la 18 mpira wa Pak ulikwenda kushoto ukanasa kwenye majani ya ukingo wa bwawa, juu kidogo ya maji. Angeweza kukubali adhabu ya pigo moja na kuudondosha mahali pakavu. Aliukagua, akavua viatu, akavua soksi, akaingia majini na kuupiga ukarudi nchi kavu. Walimaliza sawa tena, 73 kwa 73, ikabidi waongezewe mashimo ya kufa na kupona, yaani anayetangulia kushinda shimo moja ndiye bingwa. Kwenye la pili Pak aliingiza mpira kutoka karibu mita tano na nusu, akawa bingwa. Alikuwa amecheza mashimo 92 kwa jumla.

Ukiipata picha ya bwawani, itazame miguu yenyewe. Juu ya kifundo imeungua kwa jua. Chini ya kifundo ni myeupe pe, mstari umekatwa kama kwa rula, kwa sababu nyayo zile zilikuwa ndani ya soksi kila jua lilipowaka. Wakorea walioiona kwenye televisheni hawakuhitaji kuelezwa ni saa ngapi za mazoezi zimo kwenye mstari ule. Nchi yao ilikuwa kwenye msukosuko wa fedha ulioanza 1997, serikali imekopa IMF, kampuni zinafungwa, wazazi wanapunguzwa kazini. Picha za bwawani zikatumiwa kwenye tangazo la televisheni la kuwatia watu moyo, na wengi wa umri wangu nchini humo wanazikumbuka kutoka kwenye tangazo kuliko kutoka kwenye mashindano.

Ndiyo maana kitu chochote halisi cha Pak cha mwaka ule, hasa kofia yenye jina la Samsung, hutafutwa kuliko vya 2001, 2002 au 2006, ingawa miaka hiyo nayo alitwaa mataji makubwa, yaani ya yale mashindano machache yenye hadhi kuliko yote. Jumla alishinda mara 25 LPGA, mataji makubwa 5, na mwaka 2007 akaingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa Gofu Duniani.

Kwani kabla yake hapakuwa na mwanamke Mkorea aliyeshinda?

Alikuwepo, na inauma anavyosahaulika. Ku Ok-hee alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kupewa hadhi ya kulipwa nchini Korea mwaka 1978, na mwaka 1988 akawa Mkorea wa kwanza kushinda kwenye LPGA, huko Arizona. Alifariki 2013. Vitu vyake ni adimu kwa sababu siku zile hakuna aliyefikiria kuvihifadhi. Ukikutana na picha yake ya gazeti ya miaka ya 1980, usiiache eti haina saini.

"Watoto wa Se-ri" ni akina nani?

Ni wasichana walioanza gofu baada ya 1998: Park In-bee, Shin Ji-yai, Choi Na-yeon, Kim In-kyung na wenzao, wengi wazaliwa wa 1987 na 1988. Park In-bee alikuwa anakaribia miaka 10 wakati ule. Miaka 10 baadaye, 2008, akiwa na 19, akawa bingwa mdogo kuliko wote waliowahi kushinda Mashindano ya Wazi ya Marekani hadi wakati ule. Mwaka 2013 alishinda mataji makubwa matatu ya kwanza ya msimu mfululizo. Mwaka 2016 gofu ya wanawake iliporudi Olimpiki, mara ya kwanza tangu 1900, alichukua dhahabu Rio kwa tofauti ya mapigo matano, na kocha wa timu ya Korea alikuwa Pak Se-ri mwenyewe.

Kwa wakusanyaji, jozi ninayoipenda kuliko zote ni bendera mbili za Blackwolf Run: ya 1998 na ya 2012. Mashindano yaliporudi Kohler mwaka 2012 aliyeshinda alikuwa Choi Na-yeon, na Pak alikuwepo kumkumbatia. Ukizitundika pamoja huna haja ya kueleza kitu.

Watu hukusanya vitu gani hasa?

Kofia ndiyo malkia. Mchezaji wa Korea hufahamika kwa kofia yake, na jina la mdhamini lililoko kwenye paji ndilo linalokwambia kofia ni ya miaka gani. Pak alivaa Samsung, baadaye CJ. Chun In-gee alishinda Mashindano ya Wazi ya Marekani mwaka 2015 huko Lancaster, Pennsylvania, akiwa na kofia ya kampuni ya bia, Hite; KB, ile ya benki, ilikuja miaka kadhaa baadaye. Mtu akikuuzia kofia ya KB akisema Chun aliivaa Lancaster 2015, mshukuru uondoke.

Tofautisha kofia ya shabiki na kofia iliyovaliwa. Iliyovaliwa ina utepe wa jasho uliogeuka rangi kwenye paji, ukingo uliokunjwa kwa mikono na alama nyeupe ya mafuta ya kukinga jua pale mchezaji anapoishika kusalimia watazamaji. Ya shabiki huwa safi, na saini imeandikwa juu ya ukingo kwa maka peni. Zote zina thamani yake, ila zisiuzwe kwa bei moja.

Baada ya kofia ni bendera za mashimo. Zile zinazouzwa uwanjani wakati wa mashindano ni za ukumbusho, nazo ndizo nyingi zenye saini. Bendera iliyopepea kwenye shimo la 18 ni jambo jingine: kwa desturi kedi wa mshindi, yule anayembebea mfuko wa fimbo, huichukua, kwa hiyo hazifiki sokoni ovyo.

Mipira ni hadithi ndefu, kwani kila mchezaji huuwekea mpira wake alama aujue. Anayependeza kufuatilia ni Lee Jeong-eun6. Namba hiyo si makosa ya uchapaji. Chama cha gofu cha wanawake cha Korea, KLPGA, huwapa namba wachezaji wanaofanana majina, na yeye alikuwa Lee Jeong-eun wa sita. Aliibeba namba hiyo hadi Marekani, akaiweka kwenye mpira, na mwaka 2019 alishinda Mashindano ya Wazi ya Marekani mjini Charleston kwa mapigo sita chini ya kiwango, yaani idadi ya mapigo iliyopangiwa uwanja. Mpira wake wenye 6 hauhitaji maelezo kwa anayejua.

Kuna pia glavu, vitabu vidogo vya umbali ambavyo kedi huandika humo kwa penseli, vitambulisho vya kuingilia uwanjani, na magazeti. Magazeti watu huyadharau, mimi siyadharau. Gazeti la Agosti 2008, LPGA ilipotangaza kwamba wachezaji wasiomudu Kiingereza wangeweza kusimamishwa, kisha likafuatiwa na la Septemba ikirudi nyuma baada ya kelele za watu, linaeleza mazingira ambayo wanawake hawa walishindia mataji. Kofia haiwezi kukueleza hayo.

Vilabu vya mashabiki vinafanyaje kazi?

Ukifika kwenye mashindano ya KLPGA utadhani umeingia uwanja wa soka. Kila klabu ina jina lake, rangi yake, kofia zake na mabango yake, na wanachama huzunguka mashimo yote 18 wakimfuata mchezaji wao hata akiwa nafasi ya arobaini. Klabu ya Chun In-gee inaitwa Flying Dumbo, kutokana na jina lake la utani, la tembo mdogo mwenye masikio makubwa. Ya Lee Jeong-eun6 ni Lucky 6. Ya Park Sung-hyun ni Namdalla, tamko la kuwa tofauti na wengine ambalo mwenyewe alilishonesha kwenye mfuko wake wa fimbo. Mwaka 2017, akiwa mgeni LPGA, Park huyo alishinda Mashindano ya Wazi ya Marekani na kufika namba 1 duniani, na wanachama wake walikuwa tayari wamezoea kusafiri naye.

Wengi wa wanachama si vijana. Ni wanaume na wanawake wa makamo, wenye kazi na watoto, wanaopika chakula cha safari, wanaochanga nauli ya basi na kuamka usiku kuwahi shimo la kwanza. Siku ya kuzaliwa ya mchezaji unaweza kukuta gari la kahawa limeletwa uwanjani kwa michango yao, kila kikombe kikiwa na picha yake.

Jambo la kupendeza zaidi ni michango ya bedi. Bedi ni kumaliza shimo kwa pigo moja pungufu ya kiwango. Wanachama huahidi kiasi fulani kwa kila bedi ya mchezaji wao, na msimu ukiisha fedha inakwenda kwa wenye shida. Ukipata kadi au fulana ya kampeni ya namna hiyo, ihifadhi hata kama mchezaji hakuigusa.

Kuna adabu gani uwanjani?

Bango linashushwa na mdomo unafungwa mchezaji anapojiandaa kupiga, awe wako au mpinzani. Simu iwe kimya. Saini huombwa baada ya raundi, mahali palipotengwa, kitu kimoja kwa mtu mmoja. Kumvizia mchezaji akitoka kusaini kadi yake ya matokeo kabla hajapumua ni aibu kwa klabu nzima.

Mbona hamweki picha za mavazi na urembo?

Tumeombwa mara nyingi, na jibu halibadiliki. Vyombo vya habari vimewauza wanawake hawa kwa sketi zao vya kutosha. Ko Jin-young alicheza mashimo 114 mfululizo mwaka 2019 bila kupoteza pigo hata moja dhidi ya kiwango cha shimo, na amekaa namba 1 duniani kwa wiki nyingi kuliko mwanamke yeyote. Kim Sei-young alimaliza mashindano ya siku nne mwaka 2018 akiwa mapigo 31 chini ya kiwango, rekodi ya LPGA. Suruali nyekundu ya Kim tutaionyesha, kwa sababu yeye mwenyewe ameifanya vazi lake la siku ya mwisho na wapinzani wanaijua. Hiyo ni sehemu ya mchezo wake.

Na waliong'ara Japani je?

Wapo, na wakusanyaji wanaotazama Marekani tu huwakosa. Lee Bo-mee alishinda mara 7 katika ligi ya Japani mwaka 2015 na kuvuna zaidi ya yen milioni 230. Wajapani walimpenda kama mtoto wao, wakamwita Smile Candy, na alipoaga ligi hiyo mwaka 2023 walijaa kumuaga. Shin Ji-yai, aliyekuwa Mwasia wa kwanza kushika namba 1 duniani mwaka 2010, naye alihamia huko na kuendelea kushinda. Vitu vya Japani hutunzwa vizuri na maelezo yake huwa kamili, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Je, Lydia Ko, Michelle Wie West na Minjee Lee wanahesabika?

Ko alizaliwa Seoul lakini anachezea New Zealand, nayo ndiyo nchi aliyoipatia medali za Olimpiki za rangi zote tatu. Wie West ni Mmarekani aliyezaliwa Honolulu, Lee ni Mwaustralia, wote wa wazazi Wakorea. Mashabiki wa Korea huwashangilia kwa moyo. Kwenye orodha yetu hawamo, ila rafu ya nyumbani kwako ni yako.

Nitajuaje saini si feki?

Anza na muuzaji kabla ya saini. Muulize aliipata wapi, lini, na kama ana picha ya siku ile. Mwenye kitu halisi huwa anafurahi kusimulia. Mwenye feki hukuambia bei imeshuka leo tu.

Kisha linganisha na saini za mchezaji huyo za miaka ileile. Wachezaji wengi wa Korea wana saini iliyochorwa kwa mkunjo mmoja wa haraka, iwe kwa herufi za Kikorea au za Kilatini, na huibadilisha wanavyokua. Saini ya Park In-bee wa 2008 si lazima ifanane na ya 2016. Tazama wino: saini ya kweli ina mahali kalamu ilipokanyaga na mahali ilipoteleza, iliyochapwa ina uzito mmoja mwanzo hadi mwisho, na ukiitazama kwa kioo cha kukuzia unaona vitone. Kwa vitu ghali kuna kampuni za Marekani za kuthibitisha saini, kama PSA, JSA na Beckett, ambazo hutoa namba unayoweza kuikagua mtandaoni. Ikague namba yenyewe, usiridhike na stika, kwa sababu stika nayo hughushiwa.

Nikitafuta mtandaoni napata vitu vichache. Kwa nini?

Kwa sababu unatafuta kwa herufi za Kilatini. Nakili jina kwa Kikorea: 박세리 ni Pak Se-ri, 박인비 ni Park In-bee, 전인지 ni Chun In-gee, 고진영 ni Ko Jin-young, 박성현 ni Park Sung-hyun, 이정은6 ni Lee Jeong-eun6. Ongeza 사인 kwa saini au 모자 kwa kofia. Wakorea huuziana vitu vya mkononi kwenye programu kama Bunjang na Danggeun, na humo ndimo kofia za mashabiki zinamopatikana kwa bei ya kawaida. Jaribu pia tahajia zote za Kilatini, maana ukoo wa Pak na wa Park huandikwa sawa kwa Kikorea.

Niko Afrika Mashariki. Nivipateje?

Wauzaji wengi wa Korea hawatumi mzigo nje, kwa hiyo utahitaji wakala wa kupokea na kusafirisha, au ndugu anayesoma au kufanya kazi Seoul. Uliza gharama za forodha kabla hujalipia, na omba thamani halisi iandikwe kwenye fomu. Kofia itumwe ndani ya boksi gumu, imejazwa karatasi ili isipondeke.

Halafu kuna mitumba. Korea husafirisha nguo nyingi za mitumba, na Gikomba au Karume ukifunguliwa mzigo wa Korea hutoka kapelo na fulana za gofu za ubora wa ajabu. Nembo ya KB au Hite kwenye kofia haimaanishi ni ya mchezaji; kampuni hugawa kofia kwa wateja wake pia. Lakini kofia ya klabu ya mashabiki, yenye jina la mchezaji au la klabu limeshonwa, huonekana mara mojamoja. Muuzaji hasomi Kikorea. Wewe sasa unaweza kuyatambua majina sita.

Ukitaka kuona wanawake wa kulipwa wakicheza kwa macho yako bila kupanda ndege ndefu, Vipingo Ridge, Kilifi, ilianza mwaka 2019 kuandaa mashindano ya ligi ya wanawake ya Ulaya; ulizia kwanza kama yapo mwaka huu. Ni ligi nyingine, ila utajifunza jinsi ya kusimama, kunyamaza na kuomba saini.

Je, wachezaji nao huwaenzi mashabiki?

Mfano ninaourudia kila nikiulizwa ni wa Chun In-gee. Alishinda 2015 kwenye klabu ya Lancaster, Pennsylvania, akiwa na miaka 20, mgeni asiyejulikana na wenyeji. Walimpokea kwa namna ambayo hakuisahau. Akaanzisha pale mfuko wa masomo wenye jina lake, unaowasaidia makedi, wafanyakazi wa klabu na familia zao kulipia elimu. Mashindano yaliporudi Lancaster mwaka 2024, alirudi kati ya watu ambao walikuwa wameshasomeshwa na ushindi wake. Bendera ya Lancaster 2015 yenye saini yake ninaipa nafasi ya pili baada ya chochote cha Pak cha 1998.

Naweza kuviona vitu hivi bila kununua?

Ndiyo. Ukumbi wa Mashujaa wa Gofu Duniani ulihamia Pinehurst, North Carolina, mwaka 2024, na kila shujaa ana kabati lake lenye vitu vyake; la Pak Se-ri limo. Jumba la makumbusho la shirikisho la gofu la Marekani, USGA, liko Liberty Corner, New Jersey. USGA ndiyo iliyompa Pak tuzo ya Bob Jones mwaka 2020, heshima yake kubwa kuliko zote kwa uungwana wa mchezo.

Nitunzeje nilivyonavyo?

Mbali na jua na mvuke wa jikoni. Saini ya maka peni hufifia mbele ya dirisha ndani ya miaka michache. Kofia iliyovaliwa usiifue kamwe. Bendera itundikwe kwenye fremu yenye kioo cha kuzuia miale, isiguse kioo chenyewe. Na kwa kila kitu andika karatasi: kilitoka kwa nani, mwaka gani, mashindano gani. Bila karatasi hiyo, watoto wako watarithi kofia kuukuu.

Nina fedha kidogo. Nianze na kipi?

Chagua mchezaji mmoja ambaye uchezaji wake unakugusa, usimchague kwa bei ya vitu vyake. Tafuta raundi zake za zamani, zipo nyingi mtandaoni, uzitazame hadi uijue alama ya mpira wake na namna anavyopumua kabla ya kupiga. Kisha nunua kofia ya klabu yake ya mashabiki, mpya au ya mkononi, uivae. Kama klabu inachangisha kwa bedi msimu huo na inapokea michango kutoka nje, toa unachoweza na uombe risiti. Risiti hiyo iweke pamoja na kofia. Bendera yenye saini itakuja baadaye, na utaijua ikipita mbele yako.